Nilivyomsomea Kitabu cha Propela

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Kariuki, na katika kile kijitabu cha mazishi, ukurasa wa nne, palikuwa na picha ya ndege. Ndege ndogo nyeupe, viti viwili, mapanga matatu meusi mbele, na mzee mwenyewe amesimama kando yake na kofia yake ya sufu, anacheka kama mtoto aliyepewa nyama. Chini wameandika kwamba marehemu alitimiza ndoto yake ya kupaa kwa ndege "iliyoundwa na mafundi stadi kutoka Nairobi". Nilisoma mara mbili. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, chini ya tenti, na wanawake wa kikundi chetu. Mafundi stadi kutoka Nairobi! Kila ribiti ya hiyo ndege, kila waya, kila kipande cha bati laini kilichokunjwa pale, kilipita kwa mikono ya mtu mmoja, na huyo mtu ni Weldon, baba ya mtoto wangu, fundi wa feni za kiwanda cha chai, mtu ambaye shule aliiachia darasa la saba. Walichofanya Nairobi ni kufunga propela. Jirani yangu akaniinamia: "Mama Chebet, si hii ndiyo ile ilimshinda mzee wako?" Nikakikunja kile kijitabu. Kama ningefungua mdomo ningeharibu mazishi ya watu.

Haikumshinda. Nataka hilo liandikwe mahali, hata kama ni kwa daftari hili la Chebet lililobaki kurasa nusu. Ndege haikumshinda Weldon. Mimi ndiye niliyemshinda, mimi mkewe, kwa mdomo wangu, na anayejua hivyo ni yeye na mimi tu. Ilikuwa miaka saba iliyopita. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya kaki, na msichana wa miezi sita mgongoni. Nikiukumbuka ule mwaka sikumbuki mambo makubwa. Nakumbuka banda, chai ya thamosi, na sauti yangu mwenyewe ikisoma.

Banda lilikuwa kwa shamba la Mzee, ukitoka Kaplong kuelekea Ndanai, pale chai inapoishia na malisho ya ng'ombe yanaanza. Zamani lilikuwa la kununulia majani, kabla kituo hakijahamishwa karibu na barabara. Kuta zake ni wavu wa waya kutoka kiunoni kwenda juu, kwa hivyo upepo uliingia unavyotaka na wambea vilevile. Bado kulikuwa na ile ndoano ya mizani imening'inia katikati, na mbao za sakafu zilikuwa zimekunywa maji ya majani miaka mingi mpaka zikawa nyeusi na zinanukia chai hata zikiwa kavu. Katikati ya hapo ndege imekaa kwa magurudumu yake matatu, bila mabawa. Mabawa yalikuwa yamening'inizwa ukutani kwa kamba za mkonge na kufunikwa blanketi, kama wagonjwa. Ilikuja katika makasha. Mtu mmoja wa mbali alikuwa ameinunua ajiundie mwenyewe, akachoka njiani, na Mzee Kariuki, ambaye alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Kaplong na alikuwa ameota ndege tangu akiwa kijana, akaichukua. Wazee wenzake walimcheka. "Baba Wanjiru, wewe umeshindwa na pikipiki, ndege utaiweza?" Yeye anawajibu, "Mimi nitakaa tu kiti cha nyuma nikunywe soda. Kuna wenye kuendesha."

Weldon alikuwa anatoka kiwandani saa nane mchana, anatembea mpaka bandani, anaosha mikono kwa sabuni ya unga, anafanya kazi mpaka jua liingie. Kazi yake kiwandani ilikuwa feni za kunyausha. Kwa asiyejua, majani yakitoka shambani yanatandazwa kwa vitanda virefu, na chini ya kila kitanda kuna feni kubwa inayopuliza hewa ili majani yalegee kabla ya kusagwa. Mapanga ya hizo feni yanaweza kupangwa yalale au yasimame. Msimu wa mvua, majani yanapokuja yamelowa, Weldon alikuwa anayapinda zaidi ili yasukume hewa nyingi. Alikuwa anaweza kusimama mlangoni, akafunga macho, akakwambia feni ya ngapi ina panga moja limeenda kando. Hakuna mtu kiwandani aliweza hivyo. Lakini mpe karatasi ya Kizungu asome mbele ya watu, anatoa jasho. Mzee naye alijua hesabu ya duka, na macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kwa hivyo kitabu cha ndege, ambacho Mzee alikichapisha Kaplong kikajaza faili mbili nene, kilikuwa changu. Nilikaa kwa kreti la soda, mtoto akinyonya, nikisoma mstari kwa Kizungu, kisha nausema kwa Kiswahili ili Mzee naye asikie. Mzee alikuwa ananiita Mwalimu. "Mwalimu ameingia. Fundi, zima redio."

Nitasema jambo ambalo halinipi sifa: nilipenda. Nilikuwa nimemaliza shule nikaenda moja kwa moja kuchuna chai ya watu na kuzaa. Pale bandani wanaume wawili walikuwa wananyamaza nikifungua mdomo. Mama Wanjiru alikuwa analeta githeri ya mahindi na maharagwe kwa sufuria lililofungwa leso, sisi tunaleta mursik kwa kibuyu, na Mzee kila siku ananusa kwanza. "Hii maziwa yenu ya moshi, fundi, mnakunywa ama mnatibia ng'ombe?" Weldon anamwambia, "Ndiyo ilinipa nguvu ya kubeba injini yako, mzee." Mzee anakunywa, anapangusa midomo, anaomba tena.

Mwezi wa tatu wa ule mwaka kila kitu kilikuwa kimekamilika, kimebaki kitu kimoja, propela. Injini ilikuja bila. Weldon akasema hawezi kuchagua mpaka aelewe, na kuelewa kwake kulikuwa kwa mikono. Akasimama mbele ya ndege akanyoosha kiganja. "Mzee, tazama. Ukifunga mapanga yasiyogeuka ni kama gari la gia moja. Ukiweka gia ya kupanda mlima, barabara ikinyooka injini inapiga kelele bure. Ukiweka ya barabara iliyonyooka, mlimani inakufa. Lakini kuna ile inayojigeuza. Injini inazunguka mwendo uleule, haipandi haishuki. Mapanga ndiyo yanalala na kusimama yenyewe, kulingana na ndege inapanda ama inaenda tu."

"Yanajigeuza na nini?"

"Mafuta ya injini. Yanapita ndani ya shafti, yanasukuma mapanga kule mbele. Halafu kuna gavana, ndiyo inaamua mafuta yaende kiasi gani."

Mzee alicheka mpaka akashika bawa. "Fundi! Usiniletee gavana kwa ndege yangu. Yule wa kaunti ananitosha!"

"Hii yangu inafanya kazi, mzee."

Kulikuwa na propela za aina tatu za kuchagua: hiyo ya mafuta, nyingine ya kujigeuza kwa mota ndogo ya umeme, na ya tatu ambayo unaipanga kwa mkono ikiwa chini, unakaza bolti, ndiyo basi, inabaki hivyo mpaka ushuke tena na spana. Ya umeme Weldon aliikataa siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa amebadilisha brashi za mota kiwandani mpaka akazichukia. Kuhusu ya mafuta aliogopa uzito tu. Basi akafunga pakiti tano za unga, za kilo mbilimbili, kwa shafti la mbele na kamba ya mpira, akaenda nyuma akainua mkia kwa bega, akapima, akaandika kwa mkaa ukutani. Akatoa pakiti mbili, akainua tena. Mzee anamtazama kama mtu anayetazama daktari. Mwishowe Weldon akasema, "Inabeba. Pua haitaanguka." Kisha akasema maneno ambayo niliyashika vibaya, na ninayalaumu mpaka leo: "Na nikwambie ukweli, mzee. Bila ya kujigeuza, hii ndege haitoki hapa. Kiwanja chako ni kifupi, hewa ya huku juu ni nyepesi, na kule mbele kuna mikaratusi. Sitakubali itoke."

Haitoki hapa. Hayo nilienda nayo nyumbani.

Kwa sababu wiki hiyohiyo nilikuwa nimesikia mengine. Nilikuwa nje ya banda, upande wa wavu, nabadilisha mtoto juu ya leso, na wao ndani hawakujua. Mzee akasema, "Kapteni wa kuirusha amekubali kuja mwezi wa tisa. Lakini anataka siku ya kwanza apande na fundi. Anasema fundi ambaye hawezi kupanda kazi yake, hiyo kazi hata yeye haigusi." Sauti ya Weldon ikaja, chini kabisa: "Nitapanda. Lakini Mama Chebet asijue sasa hivi." Mzee akacheka kidogo. "Unamwogopa Mwalimu?" "Ninamjua," Weldon akasema.

Ananijua! Kama alinijua, mbona hakuona? Nilikuwa ndiye ninayesoma kile kitabu. Karibu kila ukurasa una kisanduku chenye alama ya hatari, na ndani yake neno kifo. Usipokaza hiki, kifo. Ukikaza hiki kupita kiasi, kifo. Leo najua vitabu vyote vya mashine huandikwa hivyo, ni mawakili wanaogopa kesi. Wakati huo sikujua. Niliyasoma kama mtu anavyosoma barua iliyoandikwa jina lake. Nililala kando ya mume wangu nikitazama masikio yake, shingo yake, nikaona kila kisanduku. Na sikusema. Nikafunga leso ya mtoto, nikaingia bandani nikitabasamu, nikauliza tumefika ukurasa gani.

Tulikuwa tumefika ukurasa wa injini. Injini yetu ilikuwa na bamba dogo lenye namba, na namba ya mwisho ilikuwa tatu. Kitabu kilieleza wazi, hakikuwa na fumbo: injini ya namba mbili ina shafti iliyozibwa, haiwezi propela ya mafuta. Ya namba tatu ina shafti yenye tundu na mahali pa kufunga gavana, inaweza. Weldon alikuwa amepiga magoti, kitambaa begani. "Haya, Mama Chebet. Tatu inasema nini?" Mtoto alikuwa amelala. Mzee alikuwa anamenya chungwa. Nikatazama ule mstari, nikasema, "Mbili ndiyo inaweza. Tatu haiwezi. Imezibwa."

Ilikuwa rahisi hivyo. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Weldon hakusimama mara moja. Alinyoosha mkono juu ya sanduku la gia la injini, pale palipokuwa na kifuniko cha duara chenye bolti, akakipapasa. "Sasa hiki kifuniko ni cha nini?" akauliza. Hakumwuliza mtu, alikiuliza kile kifuniko. Mikono yake ilikuwa inajua. Mikono yake ilikuwa inamwambia hapa ndipo gavana inakaa, mpumbavu wewe, fungua. Nikafunua kurasa mbili tatu kama natafuta, nikasema, "Wanasema ni cha pampu fulani, ya ndege za aina nyingine." Akakipapasa tena mara moja. Halafu akatoa mkono. Aliniamini mimi kuliko mikono yake. Nimejaribu kuelezea hilo kwa kichwa changu miaka saba, na kila nikifika hapo nataka kuvunja kitu.

Hesabu yangu ilikuwa ya mtoto: haiwezekani kufungwa ile inayojigeuza, na yeye amesema bila hiyo haitoki, basi haitatoka, basi ataishi. Nilisahau kwamba mwenye ndege hakuwa yeye. Mzee alikaa na habari hiyo siku tatu, uso umeanguka, halafu akaja na uamuzi. "Fundi, mimi miaka yangu inaenda. Tufunge ya kupanga kwa mkono. Tutakata mikaratusi miwili mitatu. Kapteni ana akili, atajua." Weldon akabisha. Nilimsikia akibisha, na nikaona pia anavyoishiwa maneno, kwa sababu naye alikuwa ameijenga miaka miwili, alikuwa anaitaka ipae kuliko Mzee. Mwishowe akasema, "Basi mapanga nitayapanga mimi." Hapo ndipo ningesema. Palepale. Nilikuwa nimechukua ndege iliyokuwa inaelekea kuwa salama, nikaifanya ya hatari, kwa kuogopa hatari. Nilijua. Nikasema mtoto ana homa, nikaenda nyumbani, na wiki ile yote sikuenda bandani.

Propela ilikuja kwa sanduku refu. Weldon aliipanga kwa kipimapembe changu cha shule, kile cha plastiki cha seti ya hesabu, amekigundisha kwa kipande cha mbao na uzi wenye nati chini. Na aliipanga kama feni. Nani alimfundisha vingine? Alifikiri hewa ya huku ni nyepesi, kwa hivyo panga lishike hewa nyingi zaidi, kama msimu wa mvua kiwandani. Akayapinda mapanga. Lilikuwa kosa ambalo fundi wa gari asingelifanya, wala fundi wa ndege. Ni kosa la mtu wa kiwanda cha chai, mtu hodari, aliyejua kitu kimoja vizuri kupita wengine. Mota ya feni inavutwa na stima, umeme wa nguzo, haijali umeipa mzigo gani. Injini ya petroli inajali. Nami nilikuwa na ukurasa unaosema hivyo ndani ya faili, na nilikuwa nimeacha kusoma.

Kapteni alikuja mwezi wa tisa, mchana, kwa pikapu. Nilitarajia mwanamume. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Mzee alikuwa amechinja mbuzi. Watu walijaa kwa malisho: wamama wa kanisa, watoto wa shule na sare zao, wachunaji waliotupa vikapu. Mama mkwe wangu alikuwa amevaa nguo yake ya harusi za watu, anamwambia kila mtu, "Ni kijana yangu ameunda. Hata hiyo brobela ni yeye amefunga." Weldon alikuwa amenyoa. Akapanda kiti cha pili bila kunitazama, kwa sababu alifikiri bado sijui, na mimi nikasimama na mtoto mgongoni nikijua kila kitu duniani.

Kapteni aliwasha injini, magurudumu yamezuiwa na vigogo, akaiongezea moto. Ikanguruma. Akaongeza, ikanguruma vilevile, mwendo wake haukupanda. Nyasi zililala nyuma, kofia za watoto zikaruka, watu wakapiga vigelegele. Kapteni akazima. Akashuka, akazunguka mbele, akashika panga moja, akalitazama kwa jicho moja. "Nani amepanga haya?"

"Ni mimi," Weldon akasema.

"Kwa nini umeyapinda hivi?"

"Ndivyo tunapanga feni kiwandani, madam. Ukitaka hewa nyingi."

Hakumcheka. Namheshimu kwa hilo. "Feni ina stima nyuma yake," akasema. "Hii umeipa mzigo kabla haijaanza kutembea. Mngefika kwa ile miti bado mko chini. Naweza kuyalegeza. Lakini kwa kiwanja hiki sitaruka nayo hata yakilegezwa. Kwani mbona hamkuweka inayojigeuza? Injini yenu ni namba tatu."

"Tatu haikubali."

"Nani amesema?"

"Ni kitabu."

"Nionyeshe."

Faili ikaletwa. Akavaa miwani. Akapata ukurasa upesi, kama mtu anayejua njia ya nyumbani, akausoma kwa Kizungu, kisha kwa Kiswahili, polepole, na wote wakasikia: mbili imezibwa, tatu inaweza. Akaweka kidole juu ya kile kifuniko cha duara. "Gavana inakaa hapa."

Weldon hakunitazama. Nilingoja anitazame, Mungu anajua nilingoja. Alitazama kifuniko. Akaweka kiganja juu yake, vilevile kama siku ile, akakaa hivyo. Mzee akaanza, "Lakini si Mwalimu ndiye—" na Weldon akamkata. Hakuwahi kumkata mzee hata siku moja. "Hapana, mzee. Huo ukurasa nilisoma mwenyewe. Nilisoma vibaya."

Kila mtu pale alijua Weldon hasomi. Mzee alijua. Mama yake alijua. Lakini mtu akijitwika kosa mbele ya watu, watu wanamwachia. Kijana mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Kumbe jamaa alikuwa anatengeneza feni!" na uwanja mzima ukacheka. Hilo jina lilimkalia. Kiwandani, sokoni, kanisani: Feni. Mama mkwe wangu alishika mkono wangu akasema, "Mwanangu amedanganywa na kitabu." Na mimi, mama wa kidato cha nne, Mwalimu, niliyekuwa na sauti ya kusoma mbele ya wanaume, sikupata sauti. Ningeweza kusema neno moja tu: mimi. Mtoto alilia, nikashukuru kwamba analia, nikaenda naye kando kumnyonyesha.

Nyumbani jua lilikuwa bado halijaingia. Nikampakulia ugali na nyama ya ule mbuzi tuliyofungiwa. Alinawa, akala chote, polepole. Nilisimama mlangoni nikingoja anipige, na hakuwahi kunipiga, au aniulize, na hakuuliza. Alipomaliza alisukuma sahani, akasema, "Winny, ungeniambia unaogopa. Ningeacha." Ndiyo hayo tu. Tangu siku hiyo hajawahi kuligusa tena lile jambo. Nina hasira na hiyo sentensi kuliko na kitu kingine chochote nilichowahi kuambiwa, kwa sababu sitajua kamwe kama ni kweli. Labda angeacha. Labda angeniambia wanawake huogopa kila kitu, akapanda. Aliichukua hiyo nafasi ya kujua akaenda nayo. Na nina hasira naye kwa kunifunika mbele ya watu. Angenitaja, ningeaibika mwezi, mwaka, yangeisha. Alinifunika vizuri sana hata sikubakiwa na mahali pa kutokea.

Wiki mbili baadaye lori lilikuja kuchukua ndege kuipeleka Nairobi. Mafundi wa kule walisema wana mtu wao wa kufunga propela. Weldon alienda kuwasaidia kupakia. Alifunga mabawa na zile blanketi mwenyewe, akakaza kila kamba, akawaonyesha mahali pa kushika na mahali pa kutoshika. Mwaka haukuisha kabla hajapata kazi ya feni kiwanda cha chai upande wa Uganda. Alisema ni ya muda. Amekuja nyumbani mara tatu. Anatuma mahitaji, hajatuacha njaa, hana mwanamke mwingine ninayemjua, ananisalimia vizuri kama mtu anavyosalimia shemeji. Mzee Kariuki alinitafuta mara moja sokoni akaniuliza, "Mwalimu, ule ukurasa. Ni fundi kweli?" Nikamwambia ndiyo. Sasa yuko chini ya udongo na hilo jibu.

Chebet yuko gredi ya pili. Kila Jumapili baada ya kanisa baba yake anapiga simu, na kwa miezi michache sasa wana mtindo wao. Anampigia picha ukurasa wa kitabu cha mashine, maana kiwanda chao kimepata kikaushio kipya, anamtumia, na mtoto anamsomea. Anasema anamfundisha Kizungu. Labda. Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni naosha vikombe, na Chebet amekaa kizingitini na simu ya zamani na mpya, moja ya kusomea, moja ya kuongea, sauti ya baba yake imewekwa juu. Anasoma neno, anakwama, analivunja vipande, anaendelea. Mtu mzima angemaliza ule ukurasa kwa dakika moja. Yeye alikuwa na nusu saa, na Weldon anangoja, anasema, "Vizuri. Enda pole." Nilijua kila neno alilokwamia. Niliendelea kuosha.

Halafu akafika kwa mstari unaokataza kukaza bolti za sanduku la gia likiwa moto, na akaruka neno la kukataza. Akausoma kwamba zikazwe zikiwa moto. Nikasikia kalamu ya Weldon kule ikiandika.

"Umeruka neno," nikasema kutoka jikoni.

Kalamu ikasimama. Chebet akanigeukia, halafu akaongea na simu. "Baba, mama anasema nimeruka neno."

Maji yalikuwa yanatiririka kwa mikono yangu mpaka kwa viwiko.

"Chebet," akasema.

"Baba."

"Angalia wewe mwenyewe, kwa macho yako. Hilo neno liko?"

Mtoto akainama, akapitisha kidole juu ya kioo, herufi kwa herufi.

"Liko, baba."

"Haya," akasema. "Endelea."